Muulize Fundi wa Modeli: Chevrolet ya Mzee, Nyekundu Inayopenya na Matairi Yanayokula Rimu

Karibuni tena. Safari hii maswali ni ya modeli za magari ya Kimarekani tu, vile vigari vidogo vya plastiki vya kuunganisha, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu kuliko kawaida maana nimelisoma mara tatu na kila mara nikaona kuna kitu sijasema.

SWALI: Shikamoo fundi. Baba alifariki mwaka jana na kwenye maboksi yake nimekuta modeli ya Chevrolet Bel Air ya 1957, aliiunganisha mwenyewe akiwa kijana. Gundi imemwagika kila mahali, amepaka nyeusi kwa brashi nene kama lami, nguzo moja ya kioo cha mbele imekatika na boneti imegandishwa haifunguki. Ndani ya paa kuna alama ya dole gumba imezama kwenye plastiki. Kila mtu ananiambia ninunue mpya niachane na hii. Inawezekana kuirudisha au najidanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Hujidanganyi. Inawezekana kabisa, na wanaokwambia ununue mpya hawajaelewa unachotaka.

Kabla hujagusa kitu piga picha, juu, chini, pembeni, ndani, hata kama unaona haina maana sasa hivi, kuna siku utakaa na kipande mkononi hujui kilikuwa upande gani. Halafu usikimbilie rangi. Watu wengi wanaitumbukiza gari nzima kwenye dawa ya kutoa rangi ikiwa bado imeungana, wakija kuitoa kromu imekwisha na vioo vimeharibika. Tenganisha kwanza, rangi baadaye.

Kutenganisha tunatumia friza. Gundi ya tyubu ya zamani inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, lakini ikimwagwa nyingi, na vijana wa zamani walikuwa wanaimwaga kwelikweli, inabaki tabaka katikati ya vipande viwili, na tabaka hilo likipigwa baridi kali linakuwa gumu la kukatika. Weka gari kwenye mfuko, funga, ilale kwenye friza usiku mzima. Asubuhi itoe, shika boneti pembe mbili, ipinde kidogo tu huku na kidogo huku, usivute. Ukisikia "tak" ndogo ujue imeachia. Isipoachia usilazimishe, irudishe friza, kesho nayo siku. Mi nimewahi kurudisha bampa moja mara nne. Mahali gundi iliyeyusha kabisa mpaka pakawa plastiki moja, baridi haitasaidia, hapo ni msumeno mwembamba au uzi wa kushonea unaupitisha kwenye ufa unasugua taratibu mpaka ukate. Na tafadhali usiguse asetoni, najua inatoa supaglu kwenye vidole, ila polistirini, plastiki yenyewe ya modeli hizi, inayeyuka nayo papo hapo.

Sasa ile nyeusi. Kwa brashi, miaka ile, karibu hakika ni enameli, rangi ya mafuta. Enameli iliyokomaa inatoka vizuri kwa brekifluidi, ila vaa glavu, fanyia kazi mahali penye hewa, na usiimwage kwenye sinki ukimaliza. Anza na sehemu isiyoonekana, mfano chini ya buti, paka, subiri masaa kadhaa uone plastiki inasemaje, ikibaki ngumu na safi ndipo uloweke bodi yote. Bodi peke yake nimesema, vioo na vyote vyenye kromu viko kwingine. Rangi itaanza kujikunja na kuinuka, unasugua kwa mswaki mkuukuu, unarudisha, unasugua tena. Ukimaliza osha kwa sabuni na maji mengi mpaka usisikie utelezi wowote kwenye vidole, maana ikibaki hata kidogo kwenye mfereji wa mlango rangi mpya haitashika hapo.

Nguzo iliyokatika usiunge kwa gundi tupu, itakatika tena siku unaweka kioo. Toboa tundu la nusu milimita kila upande, chomeka kipande cha waya, ndio uweke gundi ya maji, ile nyepesi ya modeli inayoyeyusha plastiki, na uiache siku nzima bila kuishika. Mashimo yaliyoliwa na gundi usiyajaze puti yote kwa mkupuo mmoja. Chukua vijiti vile vinavyobeba vipande kwenye seti, vikatekate ndani ya kichupa cha gundi ya maji viyeyuke mpaka iwe uji mzito, paka huo. Ukikauka ni plastiki ileile, inasugulika kwa msasa sawasawa na bodi, haiachi mstari. Ila upe siku kadhaa, ukiusugua mapema utazama baadaye chini ya rangi.

Rangi gani? Hapa nilifurahi sana nilivyosoma barua yako. Onyx Black ilikuwa rangi halali ya kiwanda ya Chevrolet mwaka 1957, iko kwenye orodha pamoja na Larkspur Blue, Matador Red, Tropical Turquoise na nyinginezo. Kwa hiyo mzee hakubahatisha na wala hakupaka nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, au hata kama ndiyo, aliangukia pazuri. Ningekuwa wewe ningerudisha nyeusi ileile, safari hii kwa spreyi, koti nyepesi nyepesi. Nyeusi haisitiri kosa, kila mkwaruzo wa msasa utaonekana, kwa hiyo praima kwanza, angalia kwenye mwanga wa pembeni, rekebisha, praima tena.

Mambo mawili watu wanakosea kwenye gari hii. Grili ya Bel Air ya 1957 ndani yake ni dhahabu, siyo fedha, na lile bapa la pembeni nyuma, lenye mistari mistari, ni aluminiamu, ndilo linaloitofautisha na ile ya bei nafuu iliyoitwa Two-Ten. Hilo bapa na fremu za vioo unazifanya kwa Bare-Metal Foil, karatasi nyembamba sana ya chuma yenye gundi nyuma. Kata kipande kikubwa kuliko unachohitaji, kilaze, kisugue kwa kijiti cha meno kilichobutuliwa mpaka kila mfereji utokeze, halafu pitisha wembe MPYA pembeni ya ukingo kwa mkono mwepesi, kama unamkata mtu unyoya shingoni hutaki ajue. Wembe ukiwa butu unavuta foili badala ya kukata, unaona imejikunja kama ngozi, unatoa unaanza upya. Badilisha wembe kila baada ya fremu mbili tatu, usionee huruma wembe.

Na lile dole gumba, liache. Liko ndani ya paa, haliharibu chochote, hakuna atakayeliona ila wewe. Usilijaze, usilisugue, paa kwa ndani lipake kwa mkono mwepesi lisifunikwe.

SWALI: Fundi mambo. Nimepaka Mustang yangu nyeupe, plastiki yake ilikuja nyekundu. Siku mbili ilikuwa safi, siku ya tatu ikaanza kuwa waridi. Nimeongeza koti mbili bado waridi. Shida ni rangi mbovu?

JIBU: Poa kaka. Rangi haina kosa. Plastiki nyekundu ina dai ndani yake, yaani ile rangi iliyotiwa kwenye plastiki yenyewe, na viyeyushi vya rangi unayopaka vinaiamsha ile dai inapanda juu, kila koti unaloongeza unaipa nguvu mpya ya kupanda, ndio maana unapigana halafu unashindwa. Unatakiwa kuweka ukuta katikati. Ukuta rahisi kuliko wote ni rangi ya fedha, zile chembe za chuma zinalala bapa zinaziba. Itoe yote urudi kwenye plastiki, praima, fedha koti mbili, iache siku kadhaa uiangalie. Ikibaki fedha safi ndio upake praima nyeupe na nyeupe yako. Siku nyingine fanya jaribio chini ya boneti kabla hujapaka bodi, hasa plastiki ikiwa nyekundu au njano, mi siku hizi sipaki bodi yoyote nyekundu bila jaribio hata kama nimeshikwa na hamu kiasi gani.

SWALI: Nina Ford ndogo ya miaka ya 50, haina injini, boneti haifunguki, chini ina alama za kampuni. Imejipinda, paa limebonyea na pua imeinama. Nataka kuinyoosha kwa maji ya moto halafu niipake rangi mpya. Unashauri nini?

JIBU: Nakushauri uzime jiko kwanza ndugu yangu. Hiyo uliyonayo siyo modeli ya kuunganisha, inaonekana ni promo, kigari kilichokuja kimeshaunganishwa cha kutangazia gari kubwa. Miaka ile wauzaji wa magari Marekani walikuwa na vigari hivi kwenye meza zao, mzee anakagua gari kubwa mtoto anapewa dogo, na vilitoka kwenye rangi zilezile za kiwanda za mwaka huo. AMT ya Michigan na Jo-Han ya Detroit ndio walikuwa wakubwa wa kazi hiyo, na kutokana na molds, yaani kalibu za kufinyangia vigari hivyo, ndipo AMT mwaka 1958 wakaanza kuuza seti za tatu kwa moja, unajenga ya kawaida, au ya mapambo, au ya mbio.

Tatizo lako ni kwamba promo za miaka ya 50 zilifinyangwa kwa plastiki ya asetati. Asetati inajipinda yenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hata ikiwa ndani ya boksi haijaguswa. Polistirini ilipochukua nafasi, kuanzia miaka ya 60, ugonjwa huo ukaisha. Maji ya moto yanaweza kuinyoosha mchana na ikarudi usiku, au ikapinda upande mwingine ambao haikuwa imepinda. Halafu rangi mpya ndio itaimaliza kabisa, maana thamani yake ni ile rangi ya kiwanda, ikishatoka hairudi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kitambaa, iweke mbali na jua na joto. Iache ilivyopinda. Najua sio jibu ulilotaka, lakini kwa gari ya aina hii mkono mzuri ni ule unaojizuia.

SWALI: Kromu ya bampa zangu imechubuka. Kuna mtu kaniambia blichi inatoa. Kweli?

JIBU: Kweli. Ile siyo kromu hasa, ni utando mwembamba mno wa aluminiamu uliopuliziwa ndani ya mashine isiyo na hewa, blichi inautafuna. Loweka, chungulia kila baada ya dakika chache, na kamwe usichanganye blichi na dawa nyingine yoyote. Chini yake utakuta tabaka la vanishi lenye unjano, nalo litoe kwa dawa ya kutoa rangi, maana ndilo linaloziba mifereji midogo ya bampa. Ukitaka kupaka kromu mwenyewe, anza na nyeusi inayong'aa iliyokauka kabisa, na baada ya kromu usiishike kwa vidole tena, inafifia palepale uliposhika.

SWALI: Nimefungua boksi la miaka mingi nikakuta matairi yameyeyusha rimu na kioo kimoja. Ni joto?

JIBU: Hapana, ni matairi yenyewe. Yale ya vinaili laini yana mafuta ya kulainisha, mafuta hayo yanahama polepole yanaingia kwenye polistirini inayogusana nayo na kuila. Fungua maboksi yako yote leo, siyo wikendi, toa matairi yaweke kwenye vimfuko vyake mbali na kila kitu. Kwenye gari iliyokwisha kuunganishwa weka kipande cha foili kati ya tairi na rimu, na usiliache limesimama moja kwa moja juu ya kibao cha plastiki. Kioo kilicholiwa hakirudi, kata kipya kwenye plastiki angavu ya boksi lolote.

SWALI: Kwa nini nyingine zimeandikwa 1/24 na nyingine 1/25? Naweza kuzipanga kabati moja?

JIBU: Ile 1/24 ni hesabu ya futi, nusu inchi badala ya futi moja, kampuni ya Monogram waliipenda sana. Ile 1/25 ilikuja na watu wa promo kule Michigan, AMT, Jo-Han, baadaye MPC. Chevrolet ya 1957 ina urefu wa sentimita 508 hivi, kwa hiyo kwenye 1/25 inatoka kama 20.3 na kwenye 1/24 kama 21.2. Tofauti haifiki sentimita moja. Kabatini panga tu, hakuna atakayegundua, ila usijaribu kuhamisha bodi ya moja kwenda chesisi ya nyingine ukadhani itakaa, matairi hayataingia katikati ya matao yake.

SWALI: Stika za maji za seti yangu zimekuwa njano kabisa. Nizitupe?

JIBU: Usitupe. Zibandike kwa tepu kwenye kioo cha dirisha zikitazama jua, wiki moja mbili, unjano unapungua sana. Kabla ya kuziloweka zipulizie vanishi angavu koti moja, maana za zamani zikigusa maji zinapasuka vipande vipande, na ujaribu kwanza na ile usiyoihitaji pembeni ya karatasi.