Daktari Anajibu: Je, Nilikosea Kumpeleka Mwanangu Dharura?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mikindani. Mwezi wa kumi uliopita, wakati wa kuokota korosho, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu aliamka na homa. Nilimpa dawa ya kushusha homa, nikaenda naye shambani kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Tuliporudi jioni mwili ulikuwa unawaka moto, na zahanati ilikuwa imeshafungwa. Saa tatu usiku nilichukua bodaboda mpaka hospitali kubwa, kitengo cha dharura. Mtoto alipimwa joto, tukaambiwa tusubiri, na tulikaa hadi karibu saa nane huku watu waliokuja nyuma yetu wakiingizwa kabla yetu. Hatimaye alikutwa hana malaria, ana mafua. Muuguzi akaniambia mbele za watu kwamba akina mama kama mimi ndio tunaowajazia dharura kwa mafua. Nilirudi nyumbani ninalia. Naomba kujua kama nilikosea, na kwa nini watu wengi huenda dharura kwa maradhi yasiyo ya dharura.

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa usiku ule. Hukukosea. Mtoto wa umri huo ambaye homa inampanda hapaswi kulala bila kupimwa, hasa katika mkoa wa Mtwara, ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliuonyesha kuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria kwa watoto hapa nchini. Aliyekuambia kwamba ni mafua aliyasema hayo baada ya kipimo. Wewe ulipanda bodaboda kabla ya kipimo. Hapo katikati ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, na ningependa tukae hapo kwa muda, kwa sababu hata sisi wa fani hii tunapasahau.

Tunaposema kwamba mtu fulani alikuja dharura bila kuwa na dharura, mara nyingi tunahukumu kwa kutazama ugonjwa ulioandikwa kwenye faili wakati wa kumruhusu aende nyumbani. Mgonjwa hakuja na jina la ugonjwa, alikuja na maumivu. Mwaka 2013 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa jambo hilihili. Watafiti walizichambua kumbukumbu za watu waliofika katika vyumba vya dharura, wakawatenga wale ambao ugonjwa wao, baada ya kujulikana, ungeweza kutibiwa katika kliniki ya kawaida. Walikuwa takriban 6 katika kila 100. Kisha wakatazama walikuwa wamelalamikia nini walipoingia, na wakakuta kwamba malalamiko hayohayo ndiyo waliyokuja nayo karibu watu 89 katika kila 100 ya wote waliofika, wakiwemo waliolazwa na waliopelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Kwa maneno mengine, mlangoni mwenye ugonjwa mdogo na mwenye ugonjwa mkubwa husema neno moja. Mzee wa Chikongola anayeshika chembe cha moyo usiku huenda ana kiungulia cha pilipili, na huenda moyo wake ndio unaokosa damu. Yeye hana namna ya kujua, na mimi mwenyewe singemjua kwa kumtazama tu bila kumpima.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa. Ziko nyingine, na nyingi hazitokani na ujinga wa wananchi kama inavyosemwa.

Fikiria saa za kazi. Zahanati nyingi hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, saa zilezile ambazo mkulima yuko chini ya mikorosho, mama lishe yuko kwenye meko yake na mvuvi ndio kwanza anateremsha samaki wake feri. Ugonjwa wa mtoto huonekana vizuri jioni, watu wanaporudi nyumbani na kupata nafasi ya kumtazama. Katika miezi ya korosho, siku moja ya kukosa shamba ni korosho zilizoachwa chini, pengine zinyeshewe na kupoteza daraja kabla ya kufika ghala la chama cha msingi. Mama anayesubiri jioni hafanyi hivyo kwa kutompenda mwanawe. Anawapigia hesabu watoto wote watatu, pamoja na ada na sare za Januari. Na jioni ikifika, mlango ulio wazi na wenye taa ni ule wa hospitali.

Kuna suala la nauli na imani pia. Mtu akienda zahanati akaambiwa kipimo kimekwisha, akaelekezwa kituo cha afya, akafika huko akaambiwa dawa hakuna kanunue, kisha akapewa barua ya kwenda hospitali, amelipa nauli mara tatu na kupoteza siku nzima. Safari inayofuata atapita moja kwa moja hadi hospitali, na ukiikagua hesabu yake utakuta ni sahihi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yamesimama, na ni jambo la kushukuru, lakini jengo lisilo na dawa huwafundisha watu kulipita. Tena huku kwetu kusini imani katika hospitali kubwa ni ya zamani: Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na vizazi kadhaa vya watu wa Masasi, Newala na hata ng'ambo ya Mto Ruvuma vimekua vikijua kwamba matibabu ya kweli yako mbali, kwenye jengo kubwa, na kwamba kuyafuata huko ndiyo ishara ya kumjali mgonjwa. Bibi anayekuambia umpeleke mjukuu wake hospitali, usimpeleke zahanati, anazungumza kwa uzoefu huo.

Usidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye vyumba vya dharura zinazoshiriki bima ya serikali ya wazee kumpima kila anayefika na kuituliza hali yake hata kama hana fedha wala bima. Kwa asiye na bima, chumba hicho kinaweza kuwa mlango pekee usiomfungia. Uingereza, ambako matibabu ni bure, watu hufika dharura kwa kukosa nafasi kwa daktari wao wa karibu. Sababu zinatofautiana, lakini kila mahali mgonjwa huenda pale anapoamini atapokewa.

Sasa nieleze kwa nini ulisubiri saa tano, maana naona hukuelezwa, na hilo ni kosa la upande wetu. Kitengo cha dharura hakifuati foleni ya aliyetangulia kufika. Mgonjwa anapoingia hutazamwa haraka: anapumuaje, mapigo ya moyo yakoje, ana fahamu au hana, joto ni kiasi gani. Kisha hupangwa kwa uzito wa hali, mara nyingi kwa rangi: nyekundu kwa anayehitaji kuhudumiwa dakika ileile, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa anayeweza kusubiri zaidi. Mwanao bila shaka alikuwa kijani. Waliokupita pengine walikuwa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, au mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua. Kusubiri kwako ilikuwa dalili kwamba mtoto hakuwa hatarini, na laiti mtu angekuambia neno hilo saa tatu na nusu, ungekaa kwenye benchi lile kwa moyo tofauti kabisa.

Huduma hii yenyewe bado ni changa kwetu. Idara kamili ya kwanza ya magonjwa ya dharura nchini ilianza Muhimbili mwaka 2010, na hospitali nyingi za mikoa zimepata majengo ya namna hiyo, yale yanayoitwa EMD, katika miaka ya karibuni tu. Kabla ya hapo palikuwa na mapokezi, na mapokezini kila mtu alipita, mwenye jipu na mwenye degedege. Si ajabu kwamba jengo jipya limeandikwa Dharura na watu wanaingia kwa mazoea ya mapokezi.

Nisiifiche pia sehemu isiyopendeza. Wapo wanaoingia dharura mchana kweupe, zahanati ikiwa wazi, na kikohozi cha wiki tatu au maumivu ya goti ya tangu mwaka jana, kwa sababu wamegundua kwamba mwenye dharura haulizwi barua ya rufaa. Hao wanakosea, na wanaoumia ni wengine, kwa kuwa wauguzi wa zamu ni wachache na mtungi wa oksijeni hauwi miwili kwa kuwa watu wamekuwa wengi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na safari hiyo huanzia zahanati au kituo cha afya.

Nikuachie na dalili ambazo, ukiziona kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, hupaswi kusubiri asubuhi wala kujiuliza kama utagombezwa. Ikiwa hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea kupita kawaida au haamki vizuri, mpeleke usiku huohuo. Vivyo hivyo ikiwa viganja vyake vimekuwa vyeupe, kwani huenda ana upungufu mkubwa wa damu na atahitaji kuongezewa. Mtazame pia kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, umhesabie pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu: kwa mtoto wa umri wa mwanao, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno, kwa mwenye miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50, kwa mchanga wa chini ya miezi miwili, 60. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usimalize hata kuhesabu. Na kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, hata kama dalili nyingine hana, ni wa kupelekwa mara moja.

Dalili hizo zikiwa hazipo na kilichopo ni homa peke yake, kituo cha afya cha kata kwa kawaida huwa na wodi na mhudumu wa zamu usiku, na kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika kama 20. Ulizia mapema, mchana, wakati hakuna anayeumwa, kituo kipi kilicho karibu nawe kinafanya kazi usiku. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, ukaulizia ushauri kabla ya kutafuta usafiri. Mhudumu wa duka la dawa muhimu atakusaidia kwa dawa ya kushusha homa, lakini usikubali kununua dawa mseto kwa kubahatisha bila kipimo, kwani mtoto wako angekunywa dawa ya malaria ambayo hakuwa nayo, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kujificha.

SWALI

Daktari, mimi ni muuguzi katika mkoa wa Lindi. Ninafanya zamu za usiku na tunazidiwa. Kwa nini wananchi wasielimishwe wakaacha kuja dharura kwa mambo madogo? Wakati mwingine tunasema maneno makali kwa sababu ya uchovu.

JIBU

Ndugu yangu, uchovu wako ninaujua. Nimekaa zamu hizo miaka mingi, na nimewahi kumkaripia mama ambaye hakustahili. Elimu ni muhimu, lakini tafadhali soma jibu lililotangulia. Mama yule akikaripiwa leo kwa mafua, mwezi ujao mtoto akiwa na nimonia atakaa nyumbani hadi asubuhi kwa kuogopa aibu, na utampokea akiwa ameshachelewa. Neno kali halimchagui wa kumzuia. Humzuia mwenye mafua na mwenye nimonia kwa pamoja.

Nikupendekezee jambo lililo ndani ya uwezo wako. Kila mgonjwa wa kijani anayefika usiku, muulize anatoka kijiji gani, alianzia wapi, na kama hakuanzia popote, kwa nini. Usiandike jina lake, andika majibu kwenye daftari kwa muda wa mwezi mmoja. Ukikuta wengi wanatoka kata moja na wanasema kituo chao hakina mtu usiku, au kipimo cha malaria kimekosekana tangu wiki iliyopita, hapo una jambo la kumpelekea mganga mfawidhi wako, naye alifikishe kwa mganga mkuu wa wilaya na timu yake, ambao ndio wenye mamlaka ya kupanga zamu na kuagiza vifaa vya kituo kile. Kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga, hakikisha pia kila kijiji kinachowaleta kwako kinaifahamu namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa hao, yaani 115, kwa kuwa hao ndio ambao wangefika na bodaboda wakiwa wamechelewa.

Na usiku wa leo, wale walio kwenye benchi waambie tu kwamba mmewatazama, hawako hatarini, na mtawaita.