Kinyago cha Wainuiti toka Kanada kwenda Marekani: jiwe nunua, jino acha

Mleta mada, usilipe kwanza. Umesema unaishi Minneapolis, unakwenda Toronto, umeona kinyago cha Wainuiti (wenyeji wa Aktiki) kilichochongwa kwa jino la walrasi, yule mnyama mkubwa wa bahari ya baridi mwenye meno mawili marefu, kina lebo ya Igloo Tag, na muuzaji kakuambia "kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) kipo, hutasumbuliwa". Halafu ukauliza bei, wachongaji wa kuwafuatilia na namna ya kutunza. Hayo yasubiri. Kauli hiyohiyo ya muuzaji ndiyo iliyoninyima kinyago na pesa kwa mpigo, na wauzaji wanaendelea kuisema huku wanatabasamu.

Sikiliza. Kibali cha CITES kinachotolewa Kanada kinaruhusu jino LITOKE Kanada, basi. Kuingia Marekani ni habari nyingine. Kule kuna sheria ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini, na inakataza kuingiza kiungo chao chochote: jino la walrasi, jino refu lililosokotwa la narwali (aina ya nyangumi), mfupa wa nyangumi, ngozi ya sili. Haijali kama ni zawadi ya shangazi au kama ni kadogo kama kidole. Ukikitangaza forodhani kinachukuliwa. Ukikificha kinachukuliwa na unaongezewa kesi. Muuzaji hakudanganyi kuhusu kibali, ananyamazia tu nusu ya pili, maana hasara haimhusu.

Kuna atakayekuambia mbona fulani anacho cha Alaska. Wenyeji wa Alaska wana msamaha wao ndani ya sheria hiyo, wanachonga na kuuza. Wainuiti wa Kanada hawamo, hata kama mnyama ni yuleyule. Vitu vya kabla ya tarehe 21 Desemba 1972 navyo vina njia yake, ila kwa karatasi za kuthibitisha umri. "Kinaonekana cha zamani" siyo karatasi.

Na hiyo Igloo Tag isikupumbaze. Ni alama nzuri, serikali ya Kanada iliisajili mwaka 1958, na tangu 2017 inasimamiwa na shirika la Inuit Art Foundation. Inathibitisha kwamba mikono iliyochonga ni ya Mwinuiti. Siyo pasipoti ya jino.

Mtego mkubwa zaidi ni kinyago cha jiwe chenye jino dogo ndani yake. Walrasi wa jiwe hupachikwa meno mawili kwenye matundu chini ya pua. Narwali huchomekwa jino lake. Mwindaji hupewa chusa chenye ncha nyeupe. Wewe umenunua "jiwe", afisa anaona jino. Kwa hiyo geuza, angalia kila kitu cheupe, uliza ni nini. Wachongaji wengi hutumia pembe ya kulungu wa Aktiki (caribou), nayo haiguswi na sheria hii kwa sababu kulungu si mnyama wa baharini. Jino la walrasi lina kiini chenye mabaka kama uji ulioganda vibonge, kinaonekana pale lilipokatwa. Pembe ya kulungu katikati ina vitundu kama mfupa. Tatizo ni kwamba kipande kikiwa chembamba kiini hakionekani, na hapo usibahatishe.

Haya, jiwe, mji kwa mji wa Wainuiti. Kinngait, iliyoitwa Cape Dorset kwenye ramani za zamani, inajulikana kwa jiwe la serpentini ya kijani iliyong'arishwa. Ukizoea jiwe la Tabaka kule Kisii, hili ni gumu zaidi. Arviat ni jiwe gumu la kijivu, sura zimedokezwa tu. Inukjuak na Puvirnituq utakuta jiwe laini la kijivu lililopakwa kiwi ya viatu likawa jeusi. Msishtuke, nyie mliopigwa na "mpingo" wa kiwi pale Mwenge. Huku kiwi ilikuwa umaliziaji halali.

Feki zake ni za plastiki iliyochanganywa na unga wa jiwe. Zina mstari wa kalibu ubavuni, vitundu vya hewa, kitambaa kimegundishwa chini, na rafu nzima imejaa mapacha. Jiwe halisi ni baridi mkononi. Sindano ya moto ya kupimia plastiki usitumie, utaharibu kitu cha watu. Tazama chini: saini ya silabi za Kiinuktituti iliyokatwa kwa chombo, au kwa vya zamani namba ya utambulisho ya mchongaji, inayoanza na E7 (Kinngait), E2 (mji wa Baker Lake) au E1 (Arviat).

Ukishachagua, risiti iandikwe jina la mchongaji, mji, aina ya jiwe, na kwa maneno kamili kwamba vipande vyeupe ni pembe ya kulungu. Muuzaji akisita kuandika hilo, kirudishe kwenye rafu.