Inspekta Aliyeishia Chalinze

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama maelezo ya jalada la nyuma la kitabu yamewahi kutudanganya, na kama yalitudanganya, tulichukua hatua gani. Sehemu ya kwanza naijibu kwa neno moja: ndiyo. Sehemu ya pili haina jibu, kwa maana aliyenunua kitabu kilichotandazwa chini kando ya barabara pale Posta hana pa kurudi kudai fedha zake, na hata vitabu vipya vya dukani vingine huja vimefungwa kwa nailoni, usiweze kupekua ukurasa mmoja kabla ya kulipa. Swali linalonisumbua mimi ni jingine: je, ningekinunua kitabu kile laiti jalada lake lingesema kweli?

Nilikinunua mwaka 2009, jioni ya kuamkia safari ya Mbeya. Jalada lilieleza habari za maiti ya mfanyabiashara iliyookotwa ufukweni, inspekta asiyelala, na siri ambayo ingetikisa mji mzima. Sisi tuliokulia na wapelelezi wa riwaya, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, hatuhitaji kushawishiwa zaidi ya hapo. Basi lilipoondoka Ubungo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa dirishani, kitabu mapajani, na kwa kuwa mama mmoja aliyeketi kando yangu aliuliza ninasoma nini, nilimsomea jalada lile lote kwa sauti. Hapo ndipo nilipokosea.

Inspekta alitokea ukurasa wa 14, akaomba maji ya kunywa, akaandika maelezo ya mlinzi, na kabla hatujafika Chalinze akahamishiwa Tabora, asionekane tena. Marehemu alizikwa katika aya moja. Kurasa zote zilizobaki, na zilikuwa zaidi ya 150, zilikuwa ugomvi wa wanawe wawili juu ya minazi 11 aliyoiacha: nani aliipanda, nani aliipalilia, nani alikuwa akimpelekea mzee dawa wakati mwenzake yuko mjini. Tulipofika Morogoro mama akaniuliza, "Muuaji amepatikana, mwanangu?" Nikamjibu bado. Tukiwa Mikumi, abiria wenzetu wakiwatazama swala na twiga, akauliza tena, nami nikaona aibu kukiri kwamba nimetapeliwa, nikamwambia inspekta yuko njiani anarudi kutoka Tabora. Ruaha Mbuyuni, vijana wakituinulia vitunguu madirishani, nilimbunia mshukiwa. Basi lilipokuwa likikwea Kitonga polepole nilikwisha kuwa na washukiwa watatu, na ndipo nilipotambua kwamba ninaifanya kazi ileile ya aliyeandika jalada.

Nilimweleza kweli baada ya kupita Iringa. Hakukasirika. "Mwache huyo muuaji," alisema, "niambie hao ndugu waligawanaje minazi." Kuanzia hapo nilimsomea kwa sauti, na kijana wa kiti cha mbele akageuka kusikiliza.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kupendekeza kwamba mchapishaji wa aina hiyo achukuliwe kama muuza maziwa anayetia maji. Sasa naona kesi yangu ni dhaifu, maana mlalamikaji mwenyewe amekisoma kitabu kile mara tatu tangu siku ile. Lingesema jalada kwamba ndugu wawili wanagombea minazi, ningekipita nikanunua gazeti la michezo. Labda mwandishi wa jalada alilijua hilo. Labda, na hili naliona lina uwezekano zaidi, naye aliishia ukurasa wa 14. Wala tusidhani mambo haya yalianzia kwetu: mwaka 1856 Walt Whitman, mshairi wa Marekani, alichapisha kwa dhahabu kwenye uti wa kitabu chake sifa aliyoandikiwa na Ralph Waldo Emerson katika barua ya faragha, bila kumwomba ruhusa. Sifa ile haikuwa ya uongo, ila haikuandikwa kwa ajili ya wanunuzi.

Msamaha wangu, hata hivyo, una mipaka. Hauwahusu wenye vitabu vya kiada vinavyojinadi kuwa vya mtaala mpya ilhali kilichobadilika ni jalada tu, kwa sababu pale anayelipa ni mzazi na anayefeli ni mtoto. Hauwahusu pia wanaokata sentensi ya mhakiki katikati, wakabakiza "riwaya ya kusisimua" na kutupa "katika kurasa zake chache za mwanzo". Kwa riwaya nyinginezo nadhani naweza kuvumilia, ingawa nisingependa kauli hii itumiwe na mchapishaji yeyote kama kibali.

Mama yule alishuka Makambako, tukiwa tumebakiza sura moja. Hadi leo hajui kwamba minazi ile ilikatwa yote.