Usianzie Kitabu cha Kwanza: Ushauri kwa Anayetaka Kuingia Discworld

Nimeanza kuusoma mfululizo wa Discworld mara tatu. Mara ya kwanza nilikata tamaa kabla ya kufika ukurasa wa mia, mara ya pili nilikimaliza kitabu lakini hakikuniingia, na mara ya tatu nikanasa nisiweze tena kuchomoka. Kosa halikuwa la mwandishi wala la vitabu. Lilikuwa la mlango nilioingilia. Kwa kuwa jamaa na marafiki kadhaa wamekwisha kuniuliza waanzie wapi, na kwa kuwa kila nikijibu kwa mdomo huishia kuhubiri nusu saa nzima, nimeona heri niliandike jibu langu lote mahali pamoja.

Discworld ni riwaya 41 zilizoandikwa na Mwingereza Terry Pratchett, ya kwanza ikitoka mwaka 1983 na ya mwisho mwaka 2015, miezi michache baada ya yeye kufariki dunia. Zote zinatokea katika ulimwengu mmoja ulio bapa kama sahani, uliobebwa na tembo wanne, nao tembo wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Wasomaji wengi huliona jambo hili kuwa kioja, lakini mimi lilinikumbusha nyumbani. Bibi yangu, Mombasa, alikuwa akituambia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na kwamba ng'ombe akichoka huihamishia pembe ya pili, na hapo ndipo ardhi hutetemeka. Kwa hiyo kasa na tembo wake sikuwaona wageni sana. Niliwaona kama jamaa wa mbali wa yule ng'ombe wa bibi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu anayefuata utaratibu. Nilijiambia kwamba mfululizo huanzia kitabu cha kwanza, nikakitafuta The Colour of Magic, nikaketi nacho. Kitabu kile kimejaa mizaha juu ya hadithi za mapanga na uchawi zilizopendwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, na mimi hadithi hizo sikuwa nimezisoma hata moja. Ni sawa na kumpa mtu wa mbali mashairi ya kujibizana bila kumwonyesha shairi linalojibiwa: ataona vina na mizani, lakini hataona kichekesho. Tena Pratchett wa 1983 alikuwa bado anajifunza kazi. Wahusika wake wanakimbia kutoka tukio moja hadi jingine bila kupata nafasi ya kuwa watu, na mji wa Ankh-Morpork, ambao baadaye utakuwa moyo wa mfululizo mzima, hapo ni pazia tu la nyuma ya jukwaa.

Kosa la pili liliniuma zaidi, kwa sababu halirekebishiki. Miaka kadhaa baadaye, katika meza ya vitabu vya mitumba Nairobi, niliona nakala ya Night Watch iliyopoteza jalada la nyuma, nikainunua kwa shilingi 200. Nilikuwa nimesikia kwamba ndicho kitabu bora kuliko vyote, nikaona hakuna haja ya kupoteza wakati na vingine. Kitabu hicho, cha mwaka 2002, kinamchukua mkuu wa askari wa jiji, Samuel Vimes, na kumrudisha miaka thelathini nyuma, ambako anakutana na nafsi yake ya ujana na analazimika kumfundisha kazi. Kila ukurasa unategemea kwamba unamjua Vimes mzee, unaujua mji jinsi ulivyo leo, na ukikutana na kijana fulani mkimya anayesoma chuo cha wauaji unashtuka kwa sababu unajua atakuja kuwa nani. Mimi sikushtuka. Nilisoma kama mtu aliyealikwa kwenye hitima ya asiyemjua: nilikula pilau, nikaitikia amina, nikaondoka. Nilipokuja kukirudia baada ya kusoma vilivyotangulia, nililia mahali pawili, lakini yale ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuyajua, na mshtuko wa mara ya kwanza mtu hapewi mara mbili.

Ushauri wangu basi ni huu: uchukulie mfululizo huu kama mji wenye mitaa mingi, kisha uchague mtaa mmoja na uufuate kwa mpangilio wake. Mtaa wenyewe unao mwanzo na mwisho, lakini mji hauna. Wapo askari wa lindo, wapo wanawake wa milimani, yupo Mauti na familia yake, wapo wanazuoni wa uchawi na chuo chao kikuu, na kuna riwaya kadhaa zinazosimama peke yake. Wa mtaa mmoja huonekana wakipita katika mtaa mwingine, wakati mwingine kwa sentensi moja tu, na furaha ya msomaji wa muda mrefu ni kuwatambua kama unavyomtambua jirani uliyemkuta sokoni.

Mtaa ninaoupendekeza ni wa askari wa lindo, wenye riwaya nane. Anza na Guards! Guards! ya 1989. Ndani yake lindo la usiku limebaki na watu watatu waliokwisha kudharauliwa na kila mtu, na mkubwa wao, Vimes, tunamkuta amelewa na kulala mtaroni huku mvua ikimnyeshea. Wezi wa mji ule wana chama chao kinachotambuliwa na serikali. Huiba kwa kiwango kilichokubaliwa na kumwachia aliyeibiwa risiti. Hapo anaingia kijana anayeitwa Carrot, mtu mrefu kupindukia aliyelelewa migodini na watu wafupi, ambaye ameisoma sheria ya zamani yote na kuiamini neno kwa neno, na katika siku zake za mwanzo kazini anamkamata mwenyekiti wa chama cha wezi kwa kosa la wizi. Niliposoma sehemu hiyo nilikuwa ndani ya matatu, na utingo alinitazama mara mbili kwa jinsi nilivyokuwa nikicheka peke yangu. Ndani ya matatu, kisa cha wizi wenye risiti kilihitaji maelezo machache sana.

Kitabu cha pili cha mtaa huo, Men at Arms cha 1993, ndicho kilichonifanya mfuasi kamili, na ni kwa sababu ya viatu. Vimes analipwa dola 38 kwa mwezi pamoja na marupurupu. Buti nzuri za ngozi zinauzwa dola 50, na buti zinazojikokota kwa msimu mmoja au miwili kabla hazijaanza kuvuja zinauzwa dola 10. Mwenye dola 50 hununua buti zitakazomkausha miguu kwa miaka kumi, ilhali maskini, anayeweza kupata dola 10 tu kwa wakati, huwa ametumia dola 100 katika muda huohuo, na miguu yake bado imelowa. Vimes anayawaza haya wakati anakaribia kumwoa mwanamke tajiri kuliko wote mjini, na anaanza kuelewa kwamba matajiri hubaki matajiri kwa sehemu kwa kuwa wanatumia fedha kidogo. Sisi tumekuwa tukisema kwamba rahisi huvunja upishi, lakini methali hiyo humlaumu mpishi, kana kwamba alikuwa na uwezo wa kuchagua. Pratchett anaondoka kwa mpishi na kuuliza mfukoni mwake mna nini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua jozi nne za viatu vya ofisini, zote zikafunguka soli kabla ya mvua za vuli kwisha, huku bosi wangu akivaa zilezile alizovaa siku aliyonisaili. Nilikuwa nimejilaumu kwa kutojua kuchagua. Sikujilaumu tena baada ya ukurasa ule. Hoja hiyo imetoka hata nje ya vitabu: mwaka 2022, mwanaharakati wa Uingereza Jack Monroe alipotaka kupima jinsi vyakula vya bei ya chini vilivyopanda bei kuliko vingine, kipimo chake alikipa jina la buti za Vimes.

Baada ya hapo fuata Feet of Clay, kisha Jingo ya mwaka 1997, ambayo msomaji wa pande zetu ataisoma kwa jicho lisilo la Mwingereza. Kisiwa kinaibuka kutoka chini ya bahari, katikati ya mataifa mawili. Wavuvi wa pande zote mbili wanakiona usiku huohuo, kila mmoja anadai ni chake, na baada ya siku chache watu ambao hawajawahi kupanda mashua wako tayari kufa kwa ajili yake. Kwa aliyekuwa Kenya au Uganda mwaka 2009, wakati mgogoro wa nchi hizo mbili juu ya kisiwa cha Migingo ulipopamba moto, jiwe linalokaribia nusu ekari lililofunikwa kwa mabati na nyavu, hakuna haja ya kueleza mzaha huo. Sitasema Vimes anafanya nini majeshi mawili yanapokutana jangwani, ila nitasema kwamba anafanya kazi ya askari polisi, na hakuna zaidi.

Mitaa mingine nitaipitia kwa haraka zaidi. Mauti anatembea katika karibu kila kitabu, akisema kwa herufi kubwa tupu, akipenda paka, na akiwa mpole kuliko wengi wanaomwogopa. Mtaa wake unaanzia Mort ya 1987, ambapo anamchukua kijana wa kumfundisha kazi. Sisi tuliokua tukisikia habari za Ziraili hatuhitaji kuambiwa kwamba kifo kinaweza kuwa mtu mwenye wajibu, tena asiye na chuki na mtu. Kuhusu wanawake wa milimani, neno letu la mchawi linawakosea adabu. Kazi zao ni kuzalisha, kukesha na wagonjwa na kuwaosha maiti, nao hutumia uchawi pale tu ambapo akili na ukali vimeshindwa. Ukiwasoma uwafikirie wakunga wazee wa kijijini, na utawaelewa upesi.

Small Gods ya 1992 inasomeka peke yake, na ndiyo ninayompa mtu mwenye nafasi ya kusoma kimoja tu. Mungu mkubwa wa dola fulani anashuka duniani na kujikuta ni kobe mdogo, kwa sababu katika mamilioni ya wanaomtaja amebaki mmoja tu anayemwamini kweli: kijana wa bustanini asiyejua kusoma lakini ambaye hasahau chochote alichosikia. Ni tahadhari ya haki kusema kwamba wapo watakaochukizwa. Rafiki yangu mmoja, mtu wa dini sana, alinirudishia baada ya kurasa thelathini bila kusema neno. Mwingine, hafidhi, alikisoma mara mbili na kuniambia kwamba kitabu kinaigombeza mahakama ya dini, hakiigombezi imani. Mimi niko na huyu wa pili, lakini sikumbishia wa kwanza.

Yapo mambo ya kusoma yenyewe ambayo ningependa mtu aniambie mapema. Riwaya nyingi za mfululizo huu hazina sura, kwa hiyo usijiahidi kulala ukimaliza sura, maana utakesha. Tanbihi za chini ya ukurasa usiziruke, kwa kuwa mara nyingi kichekesho kizuri kuliko vyote kimefichwa humo. Anayesomea simu atasumbuka kidogo kuzigusa, lakini avumilie. Mimi nilivisoma kwa Kiingereza, na mizaha mingi ya maneno ilinipita. Niliiacha ipite, nikaona hadithi haikupungua kitu.

Nisijifanye pia kwamba vyote ni sawa. Interesting Times inacheka watu wa Mashariki ya Mbali kwa namna ambayo leo inachosha, na ile nchi ya jangwani ya Klatch katika vitabu vya mwanzo imejengwa kwa vikaragosi vya Waarabu ambavyo Jingo ilibidi ije kuvisahihisha. Raising Steam ya 2013 inazungumza sana na kutenda kidogo, wahusika wanahutubiana. Mwishoni mwa 2007 Pratchett alikuwa ametangaza kwamba ana aina adimu ya ugonjwa wa Alzheimer, na vitabu vya mwisho alivitunga kwa kuvisema badala ya kuchapa kwa mkono. Ukijua hivyo unasoma kwa huruma, lakini hicho usikifanye cha kwanza.

Hakuna kitabu kingine kitakachokuja. Mwaka 2017, kwa wasia wake mwenyewe, diski iliyokuwa na kazi zake ambazo hazijakamilika ilisagwa na mtambo wa kushindilia barabara unaoendeshwa kwa mvuke, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset. Ndiyo maana mimi cha 41, The Shepherd's Crown, sijakisoma hadi leo. Kiko rafuni, bado kina karatasi ya bei. Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, niliyemwanzishia mtaa wa binti mchunga kondoo kwa The Wee Free Men, amekwisha kunipita; alikiazima mwezi uliopita, akakirudisha macho yamevimba, nami nikamzuia kabla hajafungua mdomo. "Mjomba," akasema, "utakisoma lini?" Nilimwambia anipishe kwanza nirudie Night Watch.