Muulize Fundi: Betri ya drili imekufa, ninunue ipi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi napiga jipsamu, kazi zangu nyingi ziko Ilazo na Nzuguni huku Dodoma. Drili yangu ya kuchaji imeandikwa 21V, mwili bado mzima kabisa ila betri imekufa, inajaa fresh lakini nikipiga skrubu chache tu inakata, nikiachia kidogo inarudi, nikipiga tena inakata. Nimezunguka Sabasaba nikakuta betri mbili na zote zinaingia kwenye drili yangu, moja imeandikwa 21V 2.0Ah, nyingine 88VF 15000mAh, na zimepishana elfu kumi tu. Muuzaji ananiambia hiyo ya 88 ndo yenye nguvu ila naogopa isije ikaniunguzia mota. Nichukue ipi?
Fundi jipsamu, Nzuguni

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Mota haiungui, kwa sababu hizo volti 88 hazipo humo ndani. Kwenye betri hiyo VF haipimi kitu chochote, ni stika ya biashara tu. Seli, yaani vile vibetri vidogo vilivyopangwa humo ndani, moja ya lithiamu ina volti 3.6, ukiunga tano kwa mstari unapata 18, na zikijaa kabisa kila moja inafika 4.2 kwaiyo tano zinakupa 21. Ndo maana drili moja utakuta imeandikwa 18V, nyingine 20V, nyingine 21V, na ukizifungua zote seli tano. Hata kampuni ya drili ya DeWalt, Marekani wanaandika 20V MAX alafu Ulaya betri ileile wanaiita 18V, wanachobadilisha ni wakati wa kupima tu, imejaa au iko kawaida. Hiyo ya 88 kama kweli imetengenezwa kwa drili kama yako, basi nayo ni seli tano tu.

Sasa hiyo 15000mAh, yaani 15Ah, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, ndo uongo mtamu zaidi. Seli zinazotumika sana humo zinaitwa 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65, na iliyo bora inabeba kama 3.5Ah, za drili nyingi ziko 1.5 mpaka 2.5. Ili ufike 15Ah kwa volti hizo unahitaji seli kama 25, mistari mitano ya seli tano tano, na seli moja ina gramu 45 na kidogo, kwaiyo seli peke yake zingepita kilo moja. We uliishika mkononi, ilikuwa na kilo? Ukirudi dukani omba mizani kwa jirani anayepima sukari, betri ya seli tano inacheza kwenye gramu 350 mpaka 400, ya seli kumi inapita 600. Betri nyepesi iliyoandikwa 5.0Ah kwa seli tano ndogo za 18650 haiwezekani hata muuzaji aape. Uzito nao unaweza kupachikwa humo ndani, lakini angalau mizani inaondoa waongo wavivu.

Chukua ya 2.0Ah, na kama mfuko unaruhusu chukua mbili, moja ikiwa kazini nyingine iko kwenye chaja. We unafanya kazi mikono iko juu kutwa nzima, betri kubwa ya seli kumi itakuchosha bega bure, hiyo waachie wanaotoboa zege. Ila kabla hujatoa hela piga hesabu hii: betri mbili zikikaribia bei ya seti nzima mpya yenye drili, chaja na betri mbili, nunua seti, hiyo drili ya zamani inabaki ya akiba.

Na usilipe bila kujaribu. Nenda na drili yako, kipande cha mbao ngumu, skrubu ndefu, na multimita, ile mita ya kupimia umeme. Betri iliyojaa inatakiwa isome kati ya 20 na 21. Alafu mwenzako ashikilie nyaya za mita kwenye vyuma vya betri kama vinafikika, we bana skrubu mpaka mota ilie, uangalie namba. Ikishuka kidogo na kurudi, hiyo iko sawa, ila ikidondoka mpaka 14 au 15 hizo seli zimechoka au sio za kazi hiyo. Drili ikibanwa inavuta ampea 20 na zaidi, sa mtu akikuwekea seli zilizotolewa kwenye laptopu, ambazo zimezoea ampea chache, zitachemka na volti zitadondoka, na ile bodi ndogo ya ulinzi humo ndani itakata moto. Nahisi ndo yanayokukuta na hiyo yako sasa hivi, seli moja au mbili zimelegea zinawavuta wenzake chini.

Kuhusu "inaingia": drili nyingi za bei nafuu zimeiga reli, pale betri inapoteleza kuingia, ya drili za kampuni ya Makita za 18V, kwaiyo betri kuingia sio ushahidi wa chochote. Isukume usikie kufuli limelia ta, alafu itikise, ikicheza vyuma vitapiga cheche na kuungua taratibu. Soma na chaja yako pia, upande wa kutoa lazima iwe 21V. Ikiwa 12.6V hiyo ni ya seli tatu, haitakujazia kamwe, na ya 21V usije ukaichomeka kwenye betri ya seli tatu.

Akitokea fundi wa kukubadilishia seli, sawa, ila abadilishe zote tano za aina moja, sio kuchomeka moja mpya katikati ya wazee. Ziangalie kabla hajazifunga: zikiwa na makovu ya kuchomelewa zamani kwenye vichwa, au ile plastiki ya juu imevalishwa upya, hizo ni za mtumba. Zinaungwa kwa bati la nikeli kwa mashine ya kuchomelea nukta nukta. Ukiona anashika lehemu anaikandamiza juu ya seli yenyewe, chukua mali yako uondoke, joto lile linaiua seli kabla haijaanza kazi.

SWALI: Shikamoo fundi. Desemba mvua zikianza huwa naacha useremala naenda shamba Kongwa mpaka Aprili. Mwaka huu nimerudi, betri haichaji, chaja inapepesa taa nyekundu tu. Jamaa anasema tuigongee moto kwa betri nyingine iamke.
Seremala, Chang'ombe

JIBU: Marahaba. Usiigongee. Uliiacha ikiwa tupu, seli zikaendelea kushuka zenyewe miezi yote hiyo mpaka chini ya kiwango, na chaja inakataa kwa sababu ya usalama. Lithiamu iliyokaa chini sana inaweza kuharibika ndani ikaja kupiga shoti wakati inachaji, na we umelala. Msimu ujao iache nusu, itoe kwenye drili, iweke ndani ya nyumba sehemu yenye ubaridi, sio stoo ya bati, jua la Dodoma tunalijua. Na ukitoka nayo kazini imechemka iache ipoe kwanza ndo uchaji, betri nyingi mwisho wake wa kuchajiwa ni nyuzi 45.

SWALI: Nina drili ya zamani ya 14.4V, betri ya kadimiamu. Naweza kuweka lithiamu?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Unaweza, hesabu inakubali kabisa, seli 12 za kadimiamu ni 14.4 na seli nne za lithiamu ni 14.4 pia. Lazima uweke bodi ya ulinzi na chaja mpya ya 16.8V, ile chaja ya zamani itoe kabisa hapo nyumbani asije mtoto akaichomeka. Kwa gharama zote hizo mi ningefanya kama drili yenyewe ni imara sana, vinginevyo nanunua mpya. Hizo kadimiamu usizichome wala kuzitupa shambani, ni sumu, mpelekee mnunuzi wa betri chakavu.