Barua kwa Salma: Nguruwe wa Iowa na Minnesota

Mwanangu Salma,

Swali lako limenichekesha mpaka baba yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Unataka kujua kwa nini chuo kikuu chako cha Iowa na hiki cha huku kwetu Minnesota vinagombania sanamu ya nguruwe kila vikikutana katika mpira wa Kimarekani. Sisi na nguruwe wapi na wapi! Lakini kisa hiki kijue, maana kilianza na kijana mweusi.

Aliitwa Ozzie Simmons. Alitoka Texas, enzi ambazo vyuo vikuu vya wazungu huko kusini havikupokea weusi, akaja Iowa na ndugu yake Don. Mbio zake zilikuwa gumzo. Mwaka 1934 Minnesota walikuja Iowa City wakashinda 48–12, na mwaka huohuo wakawa mabingwa wa taifa. Siku hiyo Simmons alipigwa vibaya hadi akashindwa kuendelea. Watu wa Iowa walisema alikamiwa makusudi, waamuzi wakatazama tu. Wala hofu yao haikuwa ya bure: mwaka 1923 Jack Trice, mweusi wa chuo kingine, Iowa State, aliumizwa hapa Minneapolis akicheza na Minnesota hawahawa, akafariki siku mbili baadaye.

Mechi ya 1935 ilipokaribia, gavana wa Iowa, Clyde Herring, akatamka kwamba waamuzi wakiuvumilia ukatili ule, watazamaji hawatauvumilia. Minnesota wakawaka. Kocha wao, Bernie Bierman, akadai ulinzi wa polisi. Ndipo gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akamtumia Herring telegramu ya utani: tuwekeane dau la nguruwe. Watu wakacheka, hasira zikashuka, mechi ikachezwa kwa amani. Minnesota 13, Iowa 6. Herring akampeleka nguruwe, mzimamzima, hadi ofisini kwa Olson huko St. Paul! Nguruwe wakamwita Floyd wa Rosedale: Floyd ni jina la gavana mwenyewe, Rosedale ni shamba alikotoka nguruwe. Sanamu yake inayogombaniwa, ya shaba nyeusi, ya kilo kama 44, ilichongwa na Charles Brioschi.

Mimi namsifu Olson. Bila ule utani pengine damu ingemwagika. Ila utani wenyewe ulinoga kupita kiasi, ukamfunika aliyeumizwa. Trice ana uwanja wenye jina lake kule Ames, kilipo chuo chake. Simmons kaachiwa nguruwe, tena mwenye jina la mtu mwingine.

Basi mechi ikifika na wenzako wakianza kuimba habari za Floyd, waulize kama wanamjua Simmons. Ila la 2023 usiliguse. Tuliwashinda 12–10 hapohapo kwao, baada ya waamuzi kufuta alama walizopata dakika za mwisho, na bado linawauma.

Mama yako