Nahodha, Tazama Jua Kabla ya Kuchagua Mpira

Manahodha wengi wapya hufika kwenye duara la katikati wakiwaza jambo moja tu: sarafu itaangukia upande gani. Hapo hakuna ujuzi wowote, ni bahati. Kazi yako inaanza refa akishakuuliza, "Haya, unataka nini?" Nimevaa kitambaa cha unahodha misimu kadhaa kwenye soka la ridhaa, na nimewasikia wengi wakijibu "mpira!" hata kabla refa hajamaliza kuuliza.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Refa anawaonyesha pande mbili za sarafu, nahodha mmoja (mara nyingi wa timu ngeni) anataja upande wake, sarafu inarushwa. Zamani aliyeshinda alichagua goli la kushambulia, na mpinzani ndiye aliyeanza mpira. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mshindi anachagua moja kati ya mawili: goli, au kuanza mpira. Kinachobaki ni cha mpinzani. Kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, na iliyochagua goli ndiyo inayoanza mpira. Kwa hiyo ukichukua goli hujapoteza mpira wa kuanzia, umeuahirisha tu.

Mimi karibu kila mara nachagua goli, na sababu kubwa ni jua. Mechi ya jioni ikianza, jua limeshuka usawa wa macho ya kipa. Krosi ikipigwa, anauona mpira ukitoka mguuni, kisha unapotelea kwenye mwanga, na anapouona tena uko juu ya kichwa cha mshambuliaji. Nimeshamtazama kipa wa wapinzani akicheza karibu kipindi kizima glavu moja ikiwa juu ya paji la uso, na sisi tukimwaga krosi tu. Kufika kipindi cha pili, tulipohamia upande ule, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya miti. Mpinzani hakufidiwa chochote. Mechi ya asubuhi mapema ni hivyohivyo: jua linapanda, na anayeumia zaidi ni yule wa kipindi cha kwanza. Mchana wa saa sita, lisahau.

Kwa hiyo wakati wa kupasha misuli nenda usimame kwenye magoli yote mawili pamoja na kipa wako. Muulize yeye, maana ndiye atakayekaa pale dakika 45. Mkiwa huko tazameni na ardhi: goli lenye dimbwi au udongo uliolika mbele yake halimpendezi kipa yeyote.

Upepo ni mgumu zaidi. Wapo wanaotaka uwasukume kipindi cha pili, wenzao wakiwa wamechoka. Mimi nauchukua mapema, kwa sababu upepo hauna ahadi. Unaweza kutulia wakati wa mapumziko, na wewe umeshateseka bure.

Kuchagua mpira kuna maana pale ambapo pande zote ziko sawa na mna mpango wa kuanzia. Tangu 2016 mpira wa kuanzia unaruhusiwa kupigwa upande wowote, hata nyuma, kwa hiyo timu inayojua kumiliki inaweza kuwakimbiza wapinzani tangu sekunde ya kwanza. Kama hamna mpango, mtaupiga mbele na kuupoteza.

Mkienda dakika za nyongeza, sarafu inarushwa upya, kwa hiyo angalia tena hali ilivyo. Kwenye penalti inarushwa mara mbili: kwanza kuamua goli litakalotumika, kisha mshindi wa mara ya pili anachagua kupiga wa kwanza au wa pili. Shukuru kwamba siku hizi inaishia hapo. Mwaka 1968, nusu fainali ya Ulaya kati ya Italia na Umoja wa Kisovyeti iliisha 0-0 hata baada ya dakika za nyongeza, na sarafu ndiyo iliyoipeleka Italia fainali. Penalti ziliingizwa kwenye sheria mwaka 1970.

Mimi huchagua kupiga kwanza, ili anayekuja nyuma ndiye apige akijua kwamba anadaiwa. Ila kama mpigaji wako wa kwanza anasuasua, badilisha orodha kabla hujaitwa na refa.